Nyumba Namba Arobaini

Nianze na nyumba yenyewe: haipo. Haijawahi kuwapo. Mtaa wa Posta upo, ng'ambo, katika mji wenye hospitali kubwa, lakini nyumba zake zinaishia namba ishirini na mbili, halafu ni ukuta wa ghala na mtaro. Sisi waandishi wa fomu wa hapa mpakani, wanne tunaokaa na meza zetu chini ya miavuli mkabala na ofisi ya uhamiaji, ndio tulioizua nyumba namba arobaini. Fomu ya kuingia ina kisanduku kinachouliza utafikia wapi. Msafiri asiye na mwenyeji hana cha kuandika, na kisanduku kikibaki kitupu karani wa dirishani anakurudishia fomu yako usoni. Basi tukawa tunaandika: Mtaa wa Posta, nyumba namba arobaini, kwa shangazi. Nyumba hiyo ingekuwa ya kweli ingepokea wageni wengi kuliko hoteli, na huyo shangazi angeshakufa zamani kwa kupika.

Tulicheka sana na huyo shangazi. Mvua ikinyesha tunasema anafua. Msafiri akichelewa kurudi tunasema shangazi kamnogesha.

Wateja wananiita Mama Fomu, ingawa sikuzaa. Mwaka wa kumi na tisa huu. Nina kalamu tatu nyeusi, gundi, kibanio cha karatasi, na mwandiko ambao makarani wa pande zote mbili wanausifu: herufi kubwa zilizosimama wima, na saba yenye mkanda kiunoni. Pasipoti sina. Cheka, wengi wamecheka. Kinyozi hajinyoi. Kila siku nachukua fomu za wateja dirisha la upande wetu, navuka kizuizi kwa miguu, hatua sitini, nazikabidhi dirisha la upande wao, narudi. Hakuna aliyewahi kuniuliza karatasi. Wewe ungemuuliza mwenye duka kama amekuja kununua?

Mdogo wangu tulimwita Kitinda, maana alikuwa kitinda mimba. Mama alimzaa uzeeni akafa kabla mtoto hajaota meno, nami nikamlea mgongoni huku najifunza kazi hii. Akakua mrefu, mcheshi, asiyeweza kupika wali bila kuuunguza. Mwaka juzi akapata kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli moja ng'ambo. Kibali chake cha muda nilimjazia mimi. Nilipofika kwenye kile kisanduku sikuinua hata macho. Mkono uliandika wenyewe, kwa shangazi, kama ulivyowaandikia mamia. Anwani ya hoteli nilikuwa nayo kwenye pochi, kwenye kipande cha karatasi, lakini kuandika ukweli kungetaka barua ya mwajiri, na barua ya mwajiri ingetaka wiki nzima. Kisha nikamfundisha majibu kama ninavyowafundisha wote. Ukiulizwa na mtu mwenye sare, popote, saa yoyote, unafikia wapi? Nyumba namba arobaini. Ndugu zako? Shangazi. Usikwame, usifikirie, anayefikiria ndiye anayeshukiwa. Nilimrudisha mara sita. Mara ya sita alijibu huku amefumba macho na anacheka.

Jumanne asubuhi, dereva mmoja wa lori tunayemwita Miwani alikuja mezani kwangu mikono mitupu. Dereva asiye na karatasi hana shida na mimi, nikadhani amekuja kupiga soga.

"Mama Fomu, njoo kando tuongee."

"Ongea hapahapa, si unaona nina watu?"

"Simama, dada yangu."

Miwani hajawahi kuniita dada yake. Nikasimama. Akanionyesha simu. Alikuwa amekwenda hospitali ile kubwa kuangaliwa jicho lake bovu, akakuta tangazo langoni lenye picha ya mwanamke asiyejulikana ndugu zake, akalipiga picha. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja. Upande wa pili alikuwa Kitinda.

"Alikuwa anatoka kazini, pikipiki ikamgonga," alisema. "Simu yake ilisagika. Muuguzi kaniambia aliishi siku nne. Kila akizinduka wanamuuliza, ndugu zako wako wapi, tumpigie nani? Anajibu vizuri tu, hakwami: Mtaa wa Posta, nyumba namba arobaini, kwa shangazi. Wametuma mtu mara mbili. Mara ya pili aligonga mpaka kwenye ghala."

"Na sasa?"

"Amefariki Jumamosi. Ijumaa saa sita manispaa inawazika wasio na ndugu. Shimo la pamoja, kibao cha namba."

"Wewe si unamjua? Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Wanataka ndugu mwenye hati, iliyogongwa muhuri wa kuingia. Mimi ni nani wake?"

Sikulia. Nilipandwa na hasira, nikageuka huku na huku kutafuta wa kumkasirikia, sikumwona ila mimi. Mtoto wa watu kapasuka kichwa, pengine alishasahau hata jina langu, lakini somo langu alilishika mpaka mwisho. Aliona sare nyeupe ya muuguzi akajibu alivyofundishwa.

Nilikwenda dirishani kwetu, ingawa jibu nililijua kabla ya kuuliza. Karani ninayemletea fomu kila siku aliinua mikono.

"Mama Fomu, unajua mwenyewe. Hati ya dharura ni barua ya hospitali, vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili, siku tatu za kazi. Ukileta leo, Jumatatu unaichukua."

"Anazikwa Ijumaa."

"Pole sana."

Alisema pole ya kweli, kichwa kakiinamisha. Pole hiyohiyo nimeisikia akiwapa watu wengine miaka kumi na tisa, na kila mara mimi nilishakuwa nafungua kalamu kwa mteja anayefuata.

Nikaamua kwenda hivyohivyo. Nilimlea mimi, nitamzika mimi, wakitaka kunifunga wanifunge makaburini. Jumatano asubuhi nilikusanya fomu za wateja kama kawaida, chini yake nikaweka shuka jeupe jipya na kadi ya kliniki ya Kitinda alipokuwa mchanga, yenye jina la mama. Miwani alikuwa ameshatangulia, lori lake linanisubiri kituo cha mafuta, upande wao.

"Leo mapema, Mama Fomu," alisema mlinzi wa kizuizi.

"Njaa haina saa, mwanangu."

Nikavuka. Nikakabidhi fomu dirishani, zote, nikangoja zihesabiwe, maana watu wale hawakuwa na kosa. Kisha, badala ya kugeuka kushoto kurudi, nikazunguka nyuma ya vyoo, nikapita kati ya malori mpaka kituo cha mafuta, nikapanda la Miwani. Hakuna aliyepiga filimbi. Kuvuka mpaka ni kazi ya dakika mbili. Kinachomshinda mtu ni barabara iliyo mbele yake.

Ndani ya lori kulinuka dizeli na maganda ya machungwa. Miwani aliendesha huku akinipa maagizo, nami niliyezoea kuwapa watu maagizo nilisikiliza kama mtoto.

"Kizuizi kiko kimoja tu, kwenye njia panda. Wakikushusha, wewe hujui kusoma wala kuandika. Umenielewa? Umetoka shamba, umepitiliza sokoni, unakwenda msibani. Watakuchukua dole gumba kwenye daftari, watakufokea, basi. Mara nyingi wanamwacha mtu aende, nani ana muda na bibi wa shamba? Usijitie usomi."

"Nani bibi?"

"Ona sasa. Hilo ndilo ninalolisema."

Tulicheka kidogo, ndiyo, tulicheka, msiba una mambo yake. Halafu nikakumbuka ninakokwenda, nikalishika lile shuka mapajani kilomita zote zilizobaki.

Kizuizi kilikuwa mapipa mawili na mti uliolazwa juu yake. Askari alichungulia, akaniuliza karatasi, nikasema sina, akanielekeza kwenye chumba kando ya barabara. Ndani kulikuwa na meza ya chuma, kabati, benchi, na kalenda ya mwaka uliopita. Afisa alikuwa mtu wa makamo mwenye mvi, shati limenyooshwa kwa pasi, sauti ya upole. Upole wake ndio ulionimaliza. Angenifokea ningekuwa bibi wa shamba bila taabu.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Hospitali kubwa. Mdogo wangu yuko mochwari. Manispaa watamzika keshokutwa bila mtu."

Akachukua kalamu. "Unajua kuandika?"

Ningesema hapana. Mpaka leo natamani ningesema hapana. Lakini alikuwa ameshanisogezea karatasi yenye mistari na kalamu, na mimi nikajiambia, mtu huyu ni mtu wa ofisi, anaheshimu kitu kilichoandikwa vizuri. Dirishani ndivyo ilivyo: fomu safi inapita, fomu chafu inarudi. Nikaamini nikimwandikia habari ya Kitinda ikanyooka, atanifungulia njia. Nikaketi, nikainyoosha karatasi kwa kiganja, nikaandika ukurasa mzima. Mama alivyokufa, mgongo wangu, mashuka ya hoteli, pikipiki, siku nne. Sikukata hata neno moja. Sijawahi kuandika vizuri vile.

Afisa aliichukua. Nikaona macho yake hayasomi. Yalikuwa yanaangalia tu, juu, chini, yanarudi juu. Akainuka, akafungua kabati, akatoa jalada nene lililofungwa kwa kamba ya kiatu.

"Saba yenye mkanda," alisema. "Nimeitafuta hii saba miaka miwili."

Akazipanga fomu mezani moja baada ya nyingine, taratibu, hakukasirika. Mwandiko wangu. Mtaa wa Posta. Shangazi.

"Huyu mke wake alikuja hapa na mtoto mgongoni kumuulizia. Nikaenda mwenyewe mpaka Mtaa wa Posta. Huyu tulimkuta mtaroni, kazikwa na manispaa. Huyu mama yake anapiga simu kila mwezi. Huyu sijui. Huyu pia sijui."

Wawili niliwakumbuka. Mmoja alikuwa kijana mwenye kigugumizi, nilimrudisha majibu mara kumi mpaka kigugumizi kikamtoka kwenye maneno yale, tukafurahi wote wawili. Nilitaka kumwambia afisa kwamba mpakani tuko wanne, si peke yangu. Niliona aibu, nikameza.

"Nifunge pingu," nilisema. "Nipeleke nimzike, halafu nifanye unavyotaka. Nitakaa jela hata mwaka."

"Gari ni moja, mama, na linarudi mpakani."

"Basi nipigie simu."

Alipiga, na hilo namshukuru. Alizungumza na mochwari mbele yangu, akawaomba ndugu akifika kabla ya saa sita Ijumaa wampe maiti azike mwenyewe. Akafunika simu kwa kiganja. "Wamekubali. Lakini ndugu lazima afike, na hati yenye muhuri."

"Ndugu ni mimi. Si niko hapa?"

"Kwa karatasi, mama, wewe hujaingia nchi hii."

Nimewaambia watu maneno ya namna hiyo mara ngapi, tena nikiona nimesema la maana.

Miwani walimshikilia nusu siku na lori lake. Aliponipita nimekaa kwenye benchi alisimama mlangoni, akavua miwani yake, akanitazama kwa jicho zima na jicho bovu.

"Dole gumba tu," alisema. "Dole gumba moja tu, Mama Fomu."

Alhamisi asubuhi walinishusha kwenye kizuizi cha mpakani na karatasi inayosema nisikanyage upande ule kwa miaka mitano. Walinisainisha. Nilisaini kwa mkono wa kushoto, sijui nilikuwa namkomoa nani. Wenzangu watatu chini ya miavuli walikuwa wameshasikia, wakawa wanapanga kalamu zao zilizokwisha kupangwa. Hakuna aliyemtaja shangazi.

Nikakaa mezani kwangu, nikaanza kuwatazama watu wa foleni mmojammoja. Nilikuwa natafuta mwanamke. Rika langu au chini kidogo, mwenye pasipoti, anayekwenda mji ule. Saa tatu hivi akaja msusi, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, ambaye kila mwezi huenda kule kununua nywele za bandia. Miaka sita namjazia fomu, na miaka sita anabishana nami kuhusu kichwa changu nisichokisuka.

"Hicho kichwa utakuja kuzikwa nacho hivyohivyo," alianza, kisha akaniona uso. "Kuna nini?"

Nikamweleza. Nilipomaliza alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mkoba kaukumbatia.

"Unataka niseme ni mdogo wangu."

"Ndiyo."

"Nimlilie mtu nisiyemjua."

"Kulia si lazima. Useme tu."

Nyuma yake foleni ilisogea akaachwa. Mwisho akasema, "Maiti haikataliwi. Nifundishe."

Mwenyekiti wa mtaa wetu alitugongea muhuri barua ya undugu bila kuisoma. Nikamjazia fomu. Kisha tukaingia nyuma ya meza, nikamfundisha. Nimefundisha mamia ya watu, lakini nilikuwa nawafundisha uongo, na uongo ni mwepesi, una maneno machache. Huu ulikuwa ukweli wote wa Kitinda na nilikuwa na saa moja.

"Kovu lake?" nilimpima.

"Goti la kulia. Alianguka kwenye ngazi za kisima."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Mitano. Nilimbeba... nani alimbeba?"

"Wewe. Wewe ndiye uliyembeba mpaka zahanati. Sema nilimbeba."

"Nilimbeba mpaka zahanati."

"Alikuwa anaogopa nini?"

"Hilo watauliza?"

"Hawatauliza. Jua tu. Alikuwa anaogopa radi. Alikuwa anaingia kitandani kwako na miguu ya baridi."

"Alikuwa anaingia kitandani kwangu," alirudia msusi, sauti yake kubwa imekuwa ndogo, "na miguu ya baridi."

Nikampa shuka na kadi ya kliniki. Mlinzi akainua kizuizi, akapita. Upande wa pili hakuzunguka vyoo. Alisimama dirishani kama mtu, akagongewa muhuri wake, akaenda.

Ijumaa nilikwenda kazini, maana nyumbani ningefanya nini? Saa tano na nusu nilikuwa katikati ya fomu ya mzee mmoja anayekwenda kuuza vitanda simu ilipolia.

"Wamenipa," alisema msusi. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu yake. "Hawakuuliza hata goti. Walitazama pasipoti, wakatazama barua, basi. Shuka nimemvisha mimi mwenyewe. Uso wameusafisha, usiwe na wasiwasi na uso. Tuko makaburini, ana shimo lake. Nimewaambia jina lake waliandike, wameliandika. Sasa wanasema ndugu aanze kuweka udongo. Niweke?"

"Weka."

Nikasikia udongo. Si mwingi, kiganja kimoja. Halafu nikasikia sauti ambayo sikumfundisha. Nilikuwa nimemwambia ajitulize, asizidishe, lakini yule mwanamke alilia kwa sauti yake yote, "Mdogo wangu! Jamani, mdogo wangu!" na palepale mwanamume mmoja, labda mchimba kaburi, akawa anamwambia pole dada, jikaze, pole, ulimpenda mdogo wako, inaonekana. Na mwingine naye, pole dada. Na mwingine.

Simu nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili. Nilimwonea wivu mwanamke yule. Amekwenda kunitendea wema ambao sitaweza kuulipa, na mimi nilitamani kumnyang'anya kilio chake na pole zake zote, moja moja, maana zilikuwa zangu.

Simu ikakatika. Nikaiacha sikioni.

"Mdogo wangu," nilisema.

Yule mzee wa vitanda akageuka kutazama nyuma yake, hakuona mtu, akaniuliza kama naongea naye. Nikamwambia hapana.